Sakafu Iliyotundikwa Ukutani

Mzee niliyekuwa namtunza alikuwa Mwitalia, na kwa wiki tatu za mwanzo hakunisemesha. Kila asubuhi nilimkuta jikoni kwenye kiti kinachotazama dirishani, koti la sufi juu ya pajama, na nilipomsalimu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga aliinua kidole kimoja, akakishusha. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Nilimwogesha, nikampaka dawa ya magoti, nikampikia supu, nikafua na kupiga deki, na saa nane mchana nikavaa makoti yangu mawili nikaenda kusubiri basi. Binti yake, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ofisini katikati ya jiji, alikuwa amebandika maagizo kwenye mlango wa friji: dawa gani inywewe saa ngapi, chakula kisitiwe chumvi, na baba yake asitoke nje ila kuzunguka mtaa mara moja, tena kama hakuna barafu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka kumi tulikuwa tumefika Toronto kutoka Uvira, kwa njia ndefu ambayo siielezi hapa, tukapata nyumba ghorofa ya kumi na moja katika majengo ya Jane and Finch. Mume wangu aliajiriwa kiwanda cha mikate. Mimi, niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilifanya kozi fupi ya kutunza wazee, na ofisi moja ikanituma kwa mzee huyu. Niliambiwa kwamba aliwahi kupata kiharusi kidogo, kwamba Kiingereza kilikuwa kimemtoka kichwani kama maji kwenye ungo, na kwamba watunzaji wawili kabla yangu walikuwa wameomba wahamishwe.

Tulianza kuongea kwa ajali. Nilikuwa namwaga maji ya tambi, mpini wa sufuria ukaniponyoka, maji ya moto yakanirukia kwenye mkono. Nikapiga kelele. Mtu akiungua hachagui lugha. Mimi kilinitoka Kifaransa, maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Mzee akageuka na kiti chake.

"Madamu anasema Kifaransa?" akauliza, kwa Kifaransa, na lafudhi nzito ajabu.

"Nasema, Mzee."

"Weka mkono chini ya bomba. Maji baridi. Usitoe." Akanitazama mpaka nikafanya hivyo. "Nani alikufundisha?"

"Shule, Mzee. Kwetu Kongo. Wabelgiji ndio walioleta."

Akacheka. Sikujua kwamba uso ule unaweza kucheka. "Wabelgiji!" akasema. "Na mimi walionifundisha ni hao hao!"

Nikiwa nimesimama pale na mkono chini ya bomba, akanieleza. Kwao ni kaskazini ya Italia, kijiji ambacho karibu kila ukoo una fundi wa sakafu, lakini baada ya vita kubwa hapakuwa na mtu wa kujenga nyumba. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa alipanda treni kwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, na kule chini ya ardhi, kwa miaka sita, ndiko alikojifunza Kifaransa. Halafu akaja Toronto, akarudia kazi ya baba yake. Kwa miaka thelathini alitandaza sakafu za shule, za hospitali, za benki, zile za simenti na vipande vya mawe ya rangi zinazosuguliwa mpaka zinang'aa.

"Kwetu tunaziita granito," nikamwambia. "Shule niliyofundisha ilikuwa nayo. Nyeusi na nyeupe, na kijani kidogo."

"Ilipasuka?"

Nikafikiri. "Hapana. Ilikuwa ya zamani sana, lakini haikupasuka."

"Basi aliyeiweka alijua kazi," akasema, akarudi kutazama dirishani, ila sasa kwa namna nyingine, kama mtu aliyepokea habari njema kutoka mbali.

Tangu siku ile tuliongea kila siku. Kifaransa chake kilikuwa cha mgodini, kimejaa matusi na majina ya vifaa, changu kilikuwa cha ubaoni, kila kitenzi kimenyooka. Alinicheka kwa kusema kama kitabu. Nami nilimcheka. Akaanza kumaliza supu yake.

Mwezi wa nne, barafu ikiwa imekwisha, niliokota barua mlangoni na katikati yake nikakuta kipeperushi cha jumba dogo la makumbusho. Kilisema jumba hilo lina vitu vya kale vya Warumi chini na sanaa ya kisasa juu, na kwamba Jumatano asubuhi kuingia ni bure. Mbele palikuwa na picha ya kipande cha sakafu ya Kirumi, kikubwa kama mlango wa gari la mizigo, kimepangwa kwa vijiwe vidogo-vidogo: katikati bata wawili, pembeni mapambo ya kamba iliyosukwa. Nilikiweka mezani pamoja na barua nyingine.

Mzee alikichukua. Akakisogeza karibu na macho, akakiweka mbali, akakisogeza tena.

"Wameitundika ukutani," akasema.

"Nini, Mzee?"

"Sakafu! Hii ni sakafu, Madamu. Mtu alipiga magoti miezi mitatu ili watu wapite juu yake. Hawa wameitundika kama picha ya harusi." Akapiga kipeperushi kwa kidole. "Na hapa pana kitu kimeharibika. Picha ni ndogo, sioni vizuri. Twende."

"Twende wapi?"

"Kuiona."

Nikamwonyesha maagizo kwenye friji. Akayatazama kama mtu anayetazama kalenda ya mwaka jana.

Jioni ile nilimweleza mume wangu. Alikuwa anavaa viatu aende kazini, akaacha kamba moja haijafungwa.

"Usifanye hivyo," akasema. "Akianguka je? Watakuuliza wewe. Ukifukuzwa na ile ofisi, tutaanza wapi tena?"

"Najua."

"Mwambie binti yake. Mwombe ruhusa."

"Nikimwomba atakataa. Anampenda sana, ndiyo maana atakataa."

Mume wangu akafunga kamba ya kiatu. "Wewe ni mwalimu," akasema mwishowe. "Huwezi kumwona mtu anataka kujifunza kitu ukamnyamazia." Sikujua ananisifu au ananionya. Nadhani yote mawili.

Jumatano nilimvalisha Mzee suruali ya kitambaa na kofia, nikamsimamisha kwenye fremu yake ya kutembelea, na tukatoka. Tulitumia dakika ishirini kufika kituo cha basi ambacho mimi peke yangu hutumia nne. Dereva alitushushia ngazi. Tukabadilisha basi moja, na kila hatua nilikuwa nasali kimoyomoyo, si sala nzuri ya kanisani, ila ile ya kumwambia Mungu shika huku na mimi nishike huku. Jumba lenyewe lilikuwa nyumba ya matofali mekundu ya ghorofa mbili, zamani ya tajiri mmoja aliyekuwa akikusanya vitu, na mbele palikuwa na ngazi saba. Tulizipanda moja moja, tukipumzika kwenye kila moja kama watu wanaopanda mlima.

Ndani palikuwa kimya, na sakafu ya mbao ililia chini ya fremu ya Mzee. Katika vyumba vya chini, nyuma ya vioo, niliona vitu ambavyo sikutegemea kuvijua. Nilidhani Warumi ni panga na wafalme. Lakini pale palikuwa na koroboi. Koroboi za udongo, zina tundu la mafuta na mdomo wa utambi, zimeungua kidogo mdomoni kama zile tulizozisomea utotoni. Palikuwa na sindano za mfupa, mizani, kijiko, kiatu cha mtoto kilichokauka. Nilisimama mbele ya kile kiatu nikamsahau Mzee.

Nilimkumbuka niliposikia sauti ya mlinzi.

Mzee alikuwa amefika kwenye ile sakafu ukutani. Fremu ilikuwa upande huu wa kamba ya kuzuia watu. Yeye alikuwa upande ule. Sijui hadi leo aliivukaje kwa magoti yale. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukuta, wa kulia ulikuwa unapapasa vijiwe taratibu, kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Bwana! Usiguse! Bwana!" Mlinzi alikuwa kijana mnene mwenye redio kiunoni, na uso umemwiva.

Nikakimbia. "Samahani, samahani sana," nikasema kwa Kiingereza. "Yeye mgonjwa. Yeye fundi."

"Mwambie aache kugusa!"

"Mzee, toa mkono, tafadhali. Watatufukuza."

"Wangoje," akasema bila kugeuka. "Madamu, njoo uone. Njoo hapa. Fuata hii kamba ya mapambo kwa macho. Inapita juu, inapita chini. Juu, chini. Umeona? Juu, chini. Sasa fika kwenye kona."

Nilifuata. Mlinzi alikuwa anaongea kwenye redio yake. Juu, chini, juu, chini, nikafika kwenye kona ya chini ya kulia. Juu, juu.

"Imekosewa," nikasema.

"Haikukosewa! Mtu aliyepanga huku kote hawezi kukosea hapa. Imegeuzwa. Kona hii ilikatika, na aliyeirudisha aliigeuza. Na tazama katikati ya vijiwe. Huku kote chokaa ni ya waridi, imechanganywa na vumbi la matofali. Huku ni simenti ya kijivu. Hii simenti ni ya jana!"

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amefika, nywele fupi nyeupe, miwani inaning'inia shingoni. Mlinzi akamweleza. Nilijua yeye ndiye mkubwa wa pale kwa jinsi mlinzi alivyonyamaza haraka. Niliona ofisi yangu, nikaona mume wangu na kamba ya kiatu.

"Anasema nini?" mwanamke yule akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Basi nikatafsiri. Ndiyo mara ya kwanza niliposema Kiingereza kirefu kuliko salamu na samahani. Sikuwa na neno la chokaa, nikasema ule uji ulio katikati ya mawe. Sikuwa na neno la kusuka, nikashika nywele zangu mwenyewe nikamwonyesha. Mahali nilipokwama Mzee alisukuma kwa Kifaransa, na mahali alipokwama yeye nilisubiri. Yule mama akachukua tochi kwa mlinzi, akavaa miwani, akavuka kamba yeye mwenyewe, akamulika kona.

"Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja," akasema. "Napita hapa kila siku."

"Anasemaje?" Mzee akauliza.

"Anasema anapita hapa kila siku, na hakuona."

"Mwambie si kosa lake. Ikiwa ukutani haionekani. Mtu hutazama bata." Akafikiri. "Mwambie bata ni wazuri."

Yule mama akacheka. Akatueleza kwamba sakafu ile ililetwa na yule tajiri ikiwa vipande vinne ndani ya masanduku, kabla yeye hajazaliwa, na kwamba chini ya jumba pana michoro ya watu walioichimbua ambayo hakuna aliyeifungua siku nyingi. Akaomba anwani ya Mzee. Mlinzi, ambaye uso wake ulikuwa umerudia rangi yake, alileta viti viwili bila kuambiwa, halafu akatusindikiza ngazi zote saba akiwa amemshika Mzee kwapani.

Katika daftari ambalo binti ya Mzee alinitaka niandike kila siku, niliandika: Tumetembea. Amekula vizuri. Amelala mchana. Kila neno lilikuwa kweli, na hata hivyo sikuweza kulitazama lile daftari kwa siku kadhaa.

Wiki mbili zilipita. Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, simu ikalia. Ilikuwa binti ya Mzee. Alisema kesho hatakwenda kazini, ataningoja nyumbani. Basi.

"Umeona?" mume wangu akasema. Asubuhi alinifungia chakula mwenyewe, jambo ambalo hufanya nikiwa mgonjwa.

Nilimkuta binti ya Mzee mezani jikoni na barua mbele yake. Mzee alikuwa chumbani.

"Ulimpeleka kwa basi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Mabasi mawili? Na fremu yake?"

"Ndiyo, Madamu. Nisamehe. Nilijua umekataza."

Akanisogezea barua. Niliisoma polepole. Yule mama wa makumbusho alikuwa ameandika kwamba wameipata michoro ya zamani, na ile kona kweli iligeuzwa robo ya mzunguko ilipounganishwa. Alikuwa anamshukuru Mzee kwa jicho lake, na mimi kwa kumtafsiria, na kumkaribisha tena Mzee, yeye na familia yake, ili awaeleze zaidi.

Nilipoinua macho, binti ya Mzee alikuwa analia bila sauti.

"Anaongea na wewe," akasema. "Na mimi haongei. Kiingereza chake kimekwisha, na mimi lugha yao naielewa kidogo tu. Nilipokuwa mdogo alinisemesha kwa lugha yao kila siku, nami nikamjibu Kiingereza. Kila siku. Niliona aibu mbele ya wenzangu." Akajifuta. "Anakuambia nini?"

Nikakaa, ingawa sikuwa nimeambiwa nikae. Nikamweleza habari za kijiji cha mafundi, na miaka sita ya mgodini, na farasi kipofu aliyevuta mabehewa kule chini ambaye Mzee alimpa maganda ya viazi. Ubelgiji alijua baba yake alipita. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Nilipokuwa naeleza nilimfikiria binti yangu mwenyewe, ambaye jana yake nilimwita kwa Kiswahili mara tatu akanijibu mara tatu kwa Kiingereza, nami nikaona sawa, mtoto anaendelea vizuri shuleni.

"Jumatano hii nitaomba ruhusa kazini," akasema. "Tutakwenda wote. Kwa gari."

Hakunifukuza. Alibandua ile karatasi ya maagizo kwenye friji, akakata kwa kalamu mstari wa kuzunguka mtaa, akaibandika tena.

Jumatano ile walitupokea kama wageni wa serikali. Yule mama alikuwa ametandaza michoro mezani, na alimpa Mzee glavu nyeupe za pamba ili aweze kugusa. Mzee alizitazama, akaniambia kwa Kifaransa kwamba hajawahi kushika kazi kwa glavu za bwana harusi, lakini alizivaa. Nilianza kutafsiri kama mara ya kwanza. Kisha, katikati ya sentensi, Mzee akaacha Kifaransa. Akamgeukia binti yake akaanza kumweleza kwa lugha yao ya kijijini, akimwonyesha kwa kidole vijiwe vilivyokatwa vizuri na vilivyokatwa haraka. Binti akasikiliza. Kisha akasema neno moja, kwa kusita, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Mzee akalirudia kwa matamshi sahihi. Binti akalisema tena.

Nikaona hapo sihitajiki. Nikapanda ngazi taratibu kwenda juu.

Sikuwa na hamu na sanaa ya kisasa. Nilidhani ni mchezo wa watu walioshiba. Chumba cha kwanza kilikuwa na vyuma vimelazwa sakafuni, nikavizunguka kwa heshima nisijue vinataka nini. Cha pili kilikuwa na mchoro mmoja tu, mkubwa kupita urefu wa mtu, na benchi mbele yake. Hapakuwa na mtu wala nyumba wala mti kwenye ule mchoro. Ulikuwa kijivu juu, kijivu cha aina nyingi, na chini rangi ya kijani iliyoiva ikipenya kidogo-kidogo. Nilikaa ili kupumzisha miguu.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea, na nimejaribu mara nyingi. Hakikuwa kitu kikubwa. Nilikaa, na baada ya muda nikagundua kwamba sifanyi chochote. Tangu tutoke Uvira sikuwa nimekaa mahali bila kufanya kitu, bila kuhesabu mizigo, karatasi, vituo vya basi. Ule mchoro haukuniuliza jina wala nimetoka wapi wala nitarudi lini. Ulikuwepo tu, nami nilikuwepo. Mabega yangu yalishuka. Sikuwa najua kwamba yalikuwa juu.

Nikasikia lifti ya mizigo, halafu fremu ya Mzee kwenye mbao, halafu sauti ya binti yake ikianza kuniita. Mzee akamkatiza.

"Mwache," akasema. "Madamu anatazama."

Wakasimama nyuma yangu. Nilijua magoti yake yanamuuma, nilijua ni saa ya dawa yake, nilitaka kuinuka. Sikuinuka. Mtu yule, niliyelipwa kumngoja, alikuwa ananingoja mimi. Katika nchi ile watu walikuwa wamenipa mengi, makoti, sufuria, kitanda cha mtoto, na Mungu awabariki wote. Lakini hakuna aliyekuwa amenipa muda wake akisimama.

Nilipogeuka, Mzee alikuwa anautazama mchoro na midomo ameikunja.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Ni mzuri?"

"Ni mzuri."

"Mimi naona ukuta ambao haujamalizika," akasema. "Lakini Madamu akisema ni mzuri, basi ni mzuri. Twende tukanywe kahawa."

Baada ya hapo tulikwenda mara nyingi, mwaka mzima na zaidi. Kona haikugeuzwa, kazi hiyo ilihitaji mafundi na mipango mingi. Ila waliweka kibao kidogo kinachoeleza kosa, na kwamba lilionwa na fundi wa sakafu mkazi wa jiji hili. Mzee alinitaka nimsomee kibao hicho kila tulipofika, na kila mara alisema maandishi ni madogo mno.

Alifariki majira ya kupukutika majani, kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Kwenye mazishi walinikalisha safu ya mbele na familia. Mume wangu alikuja na suti ya kuazima. Nililia kama nilivyomlilia baba yangu, na hakuna aliyenishangaa.

Siku chache baadaye yule mama wa makumbusho alinipigia simu. Alisema shule za Kifaransa za jijini zinaomba kuleta watoto Jumamosi, na yeye hana mtu wa kuwaeleza vitu kwa lugha hiyo. Alikuwa amenisikia mara nyingi nikimtafsiria Mzee. Je, ningependa?

"Mimi si mtaalamu wa Warumi," nikamwambia.

"Nitakufundisha," akasema. "Mengine ulishafundishwa."

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto ishirini na wawili, wamevaa soksi nene, wanasukumana. Niliwapeleka kwanza kwenye koroboi, nikawaambia mimi nimesoma kwa taa kama hizi, wakaacha kusukumana, wakasogea kwenye kioo. Msichana mmoja mwenye meno mawili yaliyong'oka aliinua mkono.

"Madamu, moshi wake unanuka?"

"Sana," nikasema. "Na asubuhi pua inakuwa nyeusi ndani."

Wakapiga kelele za kinyaa na furaha. Mwalimu wao akataka kuwanyamazisha, nikamwomba awaache. Tukatazama mizani, tukatazama sindano, tukakaa chini kwa duara, na maswali yakawa mengi kuliko muda. Mengine sikuyajua majibu, nikasema sijui, nikayaandika ili nikamwulize yule mama.

Nilifika nyumbani jioni nimechoka miguu na sauti imenikauka. Mume wangu alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

"Ilikuwaje?" akauliza.

Nilitaka kumweleza yote, nikakosa pa kuanzia. Nikavua viatu.

"Walinisikiliza," nikamwambia.

Akaweka kisu chini, akanivutia kiti.